Njia ya Kurudi

"...imejibu, jamani, imejibu!"

Maureen, fundi wa kompyuta wa hospitali, aliruka, kiti cha maabara kikabaki kinazunguka. Kaltuma, mwenye kupima damu pale, akainua macho kutoka kwa hadubini.

"Nani amejibu?"

"Kompyuta ya daktari. Imenichunia tangu asubuhi."

Ya daktari ilitumia mfumo wa Windows, ya maabara ule wa Linux, kila moja na mtandao wake, na kati yao Maureen alikuwa ameweka kisanduku cha kupitisha ujumbe. Kwenda, ulienda vizuri. Shida ilikuwa kurudi: Windows haikujua njia. Akaionyesha. Bado ikanyamaza, maana ina ulinzi wake, haiitikii mgeni wa mtandao mwingine. Basi Maureen akauzima wote, hata ule wa kuzuia virusi. Nitauwasha baadaye, alijiambia. Halafu folda ya majibu ya wagonjwa akaifungulia kompyuta ya daktari kusoma na kuandika, asisumbuliwe tena.

"Sasa nisiandike kwa karatasi?" Kaltuma aliuliza.

"Karatasi ni ya kufungia mandazi, dadangu."

Kaltuma akacheka. Kundi la damu la Esnah, mama aliyengoja upasuaji, akaliingiza kwa kompyuta moja kwa moja.

Ng'ambo ya ukumbi, daktari Nyasani, ambaye siku ya Sabato ndiye mwalimu wa kwaya kanisani, akachomeka flashi ya nyimbo za makambi, vile hufanya kila siku akingoja mgonjwa. Flashi hiyo imezunguka kwa kila mwanakwaya. Kompyuta yake ilikuwa na mazoea ya kukataa kitu fulani humo ndani. Leo haikukataa.

Wimbo haukufika kiitikio. Kwa skrini ya maabara, jina la faili moja likageuka herufi zisizosomeka. Likafuata la chini yake. Na la chini yake tena, polepole, kama mtu anayezima taa chumba kwa chumba.

"Maureen, hiyo ni nini?"

Maureen alisukuma kiti kando. Akapiga magoti, akang'oa waya kwa kisanduku. Majina yakasimama. La Esnah lilikuwa limeshageuka.

"Kundi lake unalikumbuka?"

"Nimepima watu wengi leo. Siwezi kubahatisha damu ya mtu." Kaltuma alikuwa tayari anavaa glavu. "Nitamtoa nyingine, kama hawajaanza." Akatoka mbio.

Wimbo ukakatika. "Maureen," Nyasani aliita kutoka kwake, sauti ya chini, "huku kwangu faili bado zinageuka."

Simu ikatetema. Ilikuwa mamake, Bosibori, kutoka Manga. Wiki nzima ameambia soko lote vile msichana wake anaunganisha hospitali.

"Imekubali, omoiseke, msichana wangu?"

Maureen alitazama mwisho wa ukumbi. Kaltuma alikuwa amesimama mbele ya mlango wa thieta, sindano mkononi, anagonga. Juu ya mlango taa nyekundu ikawaka: upasuaji umeanza.

"Imekubali, mama," alisema. "Hiyo ingine nitakuambia kesho."