Kochi la Kijani

Fundi wa makochi tunayemzungumzia watu walimwita Sindano, maana hakukosa sindano kwenye ukosi wa shati. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe alishaukatia tamaa: picha za mchoraji fulani, mwanamke, za ndani ya nyumba. Alizikata kwenye kalenda na magazeti ya zamani, akazibandika ukutani juu ya cherehani. Meza yenye kikombe kimoja. Mlango uliorudishwa nusu, na mwanga umelala sakafuni. Kochi la kijani dirishani, limebonyea upande wa kushoto.

"Picha gani hizi hazina watu?" mkewe alimwuliza. "Utadhani wenyewe wamehama wakasahau vyombo."

"Hawajahama. Wametoka kidogo tu."

"Haya, wasalimie."

Karakana yake ilikuwa katikati ya mchomelea vyuma na muuza redio, makelele kutwa. Sindano akiinua macho kwenye picha zile, masikio yake yalipumzika.

Siku moja mwalimu wa hesabu, mama wa makamo, alisimamisha pikapu pale mbele. Nyuma kulikuwa na kochi.

"Fundi, hili lifumuliwe lote. Springi mpya, sponji mpya, kitambaa kipya. Mama ana miaka themanini na moja, mgongo unamtesa."

Sindano alilizunguka. Rangi ilikuwa imepauka, lakini alizijua zile mbao za mikono, akapajua pale palipobonyea.

"Mama yako ni mchoraji?"

"Umejuaje?"

Alimwonyesha ukuta. Mwalimu aliingia, akazitazama picha moja moja. "Kumbe," alisema mwishowe. "Na huyu ndiye anayenigombeza nikiacha vikombe mezani."

Siku tatu Sindano hakuligusa kochi lile. Alishika kisu, akakiweka. Alianza kazi nyingine, akaiacha. Siku ya nne mwalimu akapiga simu: "Fundi, vipi? Mama anakalia kiti cha plastiki."

Aibu ilimshika. Alifunga karakana akaenda mwenyewe nyumbani kwa mchoraji.

Mwalimu alimfungulia mlango. Chumba kile alikijua. Alijua dirisha liko wapi kabla hajageuka. Mchoraji alikuwa amekaa kwenye plastiki yake, mdogo kuliko alivyomfikiria, na kanga mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kochi langu liko wapi?"

"Mama, nimeshindwa kulikata. Pale palipobonyea, nikipafumua, nitakuwa nimemfuta mtu. Sijui alikuwa nani. Mzee, labda."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee wangu alikuwa hakai! Pale nilibonyeza mimi, nikimnyonyesha huyu." Alimnyooshea mwalimu kidole. "Alikuwa halali, huyu. Akilala, ni nusu saa, na nikiinuka tu, macho haya hapa. Basi nikawa nachora kilicho mbele yangu. Kikombe, mlango, na siku nikithubutu kuinuka, kochi lenyewe."

"Kwa hiyo ule utulivu wote..."

"Utulivu gani? Ile ni hofu ya kumwamsha mtoto!"

Sindano alicheka, ingawa kitu kilimchoma kidogo. Mama akaona. Akashusha sauti.

"Lakini nikuambie kweli. Akishalala, nikimtazama anavyopumua, hata kile kikombe nilikiona kizuri. Hilo sikulidanganya." Akamgusa mkono. "Kakate, mwanangu. Kochi ni la kukalia. Na usiniwekee kijani tena, nimekichora vya kutosha. Tafuta njano."

Sindano akamwomba asimame, akampima: urefu wa paja, kimo cha goti, pale mgongo unapoingia ndani. Alirudi akafumua bila kusita. Aliweka sponji ngumu kiunoni na laini juu yake, akainua kiti vidole vitatu ili mama asipate taabu ya kuinuka. Hakuwahi kushona mishono midogo namna ile.

Jumapili alilipeleka, akafuatana na mkewe. Njia nzima alipanga maswali yake: mwanga anaupataje, anaanza na kivuli au na ukuta. Miaka ishirini ameyaweka. Mama alikaa kwenye njano yake, akaegemea, akasema "Ahaa," kisha akamwuliza mke wa fundi ana watoto wangapi.

Imekwisha hiyo. "Wa pili, mama, alikuwa halali mpaka umzungushe uani!" "Uani? Wewe una bahati, mimi mpaka niimbe!" Walipokezana mchana kutwa. Sindano alikaa mkekani na mwalimu wakimenya machungwa, na nafasi ya swali hata moja haikupatikana.

Wakati wa kuaga, mama alimshika kiganja. "Wewe ulikuja na jambo, hukulisema."

"Ni maswali tu, mama. Ya picha."

"Njoo Jumatano asubuhi. Mkeo mwache nyumbani, anapenda kuongea kama mimi."

Jumatano Sindano alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda. Mama alimwekea kiti karibu na dirisha, wakaanza na kivuli.