Treni ya Ubeti wa Pili

Kila Jumamosi jioni Mama Sylvie Nyembo alijitwika kiti chake cha plastiki, akavuka reli, akakitua katikati ya sebule ya Amédée Kitwa, mbele ya miguu ya watu waliowahi kufika. Hakuna aliyemwambia kitu. Televisheni ilikuwa ya Amédée, na sola ya kuiwasha ilikuwa ya Amédée, lakini mdomo ulikuwa wa Mama Sylvie, na bila mdomo huo kipindi kilikuwa kirefu mno.

Kipindi chenyewe kiliitwa Grand Micro, lile shindano ambalo kila nchi inatuma mwimbaji mmoja na nguo zake. Mama Sylvie hakuwahi kulikosa hata mwaka mmoja. Alijua sheria zake vizuri kuliko amri kumi, hasa zile mbili kubwa: wimbo uwe mpya, usiwe umeimbwa mahali popote, na nchi isijipigie kura yenyewe. Ndiyo sababu kila mwaka, msimu ule ukifika, mji wetu wote wa Kamina ulikuwa na mapenzi ya ghafla kwa mashemeji walio Zambia.

Jioni ile wa kwanza alikuja amevaa kitu cha kumetameta kinachoburuta chini.

"Huyu alivua pazia ya nani?" Mama Sylvie akauliza.

Wa pili aliimba huku moto unawaka nyuma yake.

"Bazime ile moto. Mutaona pale katikati hamuna muntu."

Wa tatu alilia kabla hajaanza, na majaji wakalia naye.

"Hawa majaji, ukibaletea kitunguu, banakupa pointi yote."

Kisha akaja wa kwetu, Shekina Kalombo, kichwa kimesukwa kama kikapu cha harusi. Mama Sylvie alimjua. Miaka kadhaa nyuma, mumewe Philémon angali hai, Shekina alifika Kamina na kundi la vijana wa maombi, akalala kwake juma zima, akala kuku wake wa mwisho, na jioni moja akainua simu yake mbele ya korali ya kanisa kama mtu anayetafuta mtandao.

"Alikula mpaka shingo," Mama Sylvie akawaambia watu, ili wajue ni nani wanamtazama.

Shekina akaanza kuimba. Mama Sylvie akanyamaza, na watu wakageuka kumtazama yeye badala ya televisheni. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Philémon, neno kwa neno. Katikati ya ubeti wa pili Shekina akafumba macho, akainua mkono, akanyamaza. Ukumbi wote kule ng'ambo ukanyamaza naye. Katika kimya hicho treni ya Kaniama ikapita kati ya nyumba ya Amédée na ya Mama Sylvie, na honi yake moja ndefu, vikombe vikagongana mezani.

Treni ya abiria ilikuwa haijapita pale kwa miaka. Majani kwenye reli yalifika kiunoni. Mira, anayeuza unga sokoni, akanyanyuka kuchungulia dirishani.

"Ni ile ya Kaniama," akasema, akarudi kukaa.

Behewa la mwisho lilipopita, Shekina akafumbua macho na kuendelea.

Philémon Mbayo, marehemu mume wa Mama Sylvie, alikuwa maestro wa korali ya kanisa lililojengwa ubavuni mwa reli, kana kwamba wajenzi walitaka kubatiza treni. Mazoezi yalikuwa jioni, na treni ilikuwa jioni, na kati ya hizo mbili treni ndiyo yenye sauti. Basi Philémon alipotunga wimbo wake mkubwa aliiachia treni nafasi humo ndani. Waimbaji walinyamaza katikati ya ubeti wa pili, yeye akaendelea kupiga mkono hewani, mabehewa yakapita, na la mwisho likishapita wote waliingia kwa pamoja. Philémon akafa. Treni nayo ikakoma. Amédée, aliyeshika korali baada yake, alikuwa amenunua piano ya umeme, akauacha ule wimbo. Alisema una shimo.

Sasa jaji mmoja mwenye miwani ya njano alikuwa anajifuta machozi kwenye televisheni.

"Kile kimya!" alisema. "Sijawahi kuona kijana mwenye ujasiri wa namna ile."

"Ujasiri gani?" akasema Mama Sylvie. "Ile ni treni, weye mujinga."

Kipindi kilirudiwa Jumapili mchana. Safari hii Mama Sylvie alisubiri nje kando ya reli, na Amédée alifungua sauti ya televisheni mpaka mwisho. Treni ikatokea penye majani, polepole, kama zamani. Kwenye dirisha la behewa la tatu alikaa Philémon, amevaa kanzu ya korali, mkono mmoja nje, anapiga mapigo ya kimya.

"Philémon!" akapiga kelele. "Balikuibia wimbo!"

Philémon akaweka kidole mdomoni. Enzi zake hata pasta hakuthubutu kukohoa ndani ya kimya kile.

Jumatano kipindi kikarudiwa tena, na treni ikapita tena. Mkuu wa gare, stesheni yetu iliyolala, alitoa kofia yake sandukuni, akaipangusa, na kwenye ubao ambapo zamani waliandika saa za treni akaandika kwa chaki saa za Grand Micro. Mira akampigia simu dada yake wa Kaniama, akamwambia akae karibu na reli na magunia ya mahindi, ayarushe ndani. Mpaka siku zile mahindi yalikuwa yanakuja kwa pikipiki, yanalala matopeni, yanafika Kamina yakiwa yameshaota. Sasa yalifika makavu. Treni haikusimama, lakini ilikwenda taratibu vya kutosha kwa watu wenye njaa kuyashusha. Bukari, ugali wetu, ilirudi katika nyumba ambazo jioni zilikuwa zinakunywa chai tu. Mama Sylvie naye aliletewa beseni la unga. Alisonga, akala kwa hasira, akamaliza.

Alichotaka ni kitu kimoja: jina la Philémon Mbayo litajwe kwenye televisheni ile. Lisipotajwa, alisema, atawapigia simu wenye Grand Micro awaambie kwamba wimbo si mpya, na sheria wanaijua. Alisema hivyo kisimani, sokoni na mlangoni pa kanisa, na kabla ya giza alikuwa na wageni. Mira alikuja, na Amédée, na mkuu wa gare na kofia yake.

"Mama, kama munasema, banaondoa wimbo," Mira akaanza. "Wimbo ikienda, treni inaenda. Batoto batakula nini? Batakula sheria?"

"Na Philémon?"

"Papa Philémon alishakufa," Amédée akasema, kwa upole wa mtu anayeleta habari.

"Minajua. Minyi njo nilimuzika. Weye ulikuja batu balishaanza kunawa mikono, ulikuwa unatafuta waya ya piano."

Mkuu wa gare akatazama kofia yake. Mira akatoa simu, akamwambia Mama Sylvie azungumze humo, Shekina atasikia. Mama Sylvie aliishika mbali na uso, kama samaki aliyelala juani.

"Shekina. Ni minyi, mama wa ile kuku. Ukishinda, utasema jina: Philémon Mbayo wa Kamina. Mara moja tu. Minyi nitafunga kinywa."

Jibu lilifika chai ikiwa bado moto. Sauti ya Shekina ilikuwa tamu kuliko hata kwenye televisheni. "Maman chérie, minabapenda sana. Nitasema. Musikuwe na wasiwasi." Nyuma yake ilifuata michoro ya mioyo myekundu. Mama Sylvie akauliza hiyo ya nini. Mira akasema ni kama kiapo.

Basi akafunga kinywa. Jumamosi zilizofuata alikaa kwenye kiti chake bila neno, hata pale mwimbaji mmoja aliposhuka kutoka darini akiwa amefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Watu walikiri kwamba televisheni haijawahi kuwa mbaya namna ile.

Siku ya fainali Amédée aliitoa televisheni uani. Ua ulijaa, ukuta ukajaa, na wengine walikaa juu ya reli mpaka mkuu wa gare alipowaondoa. Shekina akaimba. Treni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na magunia yalikuwa mengi hata wazee wakapokea. Philémon alikuwa ametoa kichwa na mabega nje ya dirisha, anatazama upande wa televisheni, mkono wake haukosei. Halafu zikaja kura. Mashemeji wa Zambia walifanya kazi yao. Nchi moja jirani haikutupa kitu, kama tulivyojua. Shekina akashinda.

Mtangazaji akamsogezea mikrofoni. "Kile kimya, kilitoka wapi?"

Ua mzima uligeuka kumtazama Mama Sylvie. Alikuwa ameshanyoosha kitambaa chake cha kichwani, kama mtu anayeitwa mbele.

Shekina akaweka mkono kifuani. "Kilinijia katika ndoto," alisema. "Hotelini, Paris. Niliamka nikakuta wimbo wote umekamilika."

Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akamshukuru aliyemsuka nywele. Jina la aliyemsuka nywele alilitaja mara mbili.

Mama Sylvie akanyanyua kiti chake. "Hata musukaji," akasema, akavuka reli kwenda kwake. Wengine walicheza mpaka sola ikaishiwa.

Kesho yake alitafuta simu ya kuwaita wenye Grand Micro. Juma lile lote hakuna simu hata moja mjini iliyokuwa na unite za kupigia. Mira alimwonyesha yake, imezimwa, akamwachia na beseni la unga.

Kisha Shekina akachukuliwa na nyumba moja kubwa ya kurekodi muziki, wakatoa wimbo upya. Wale watu walisema siku hizi hakuna mtu wa kungoja. Kimya wakakijaza ngoma na makofi. Redio zote za Kamina ziliupiga asubuhi, mchana na jioni, na treni haikuja. Majani yakarudi kwenye reli. Mkuu wa gare akairudisha kofia sandukuni. Mira akamwendea Amédée, akamwambia korali iimbe ule wimbo kama zamani, na shimo lake. Amédée alikubali upesi, hata piano akaichomoa. Lakini nyumba ya muziki ilikuwa imetangaza kwamba wimbo una mwenyewe, na korali yoyote inayotaka kuuimba iombe ruhusa kwanza. Amédée akaomba. Mpaka leo anangoja.

Jioni moja Mama Sylvie alikuwa uani anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akaanza kuimba, kwa sababu kutwanga kunataka wimbo. Sauti yake ilikuwa ya mlango wa zamani. Katikati ya ubeti wa pili alisimamisha mchi hewani, na reli ikaanza kutetema. Likaja behewa moja, peke yake, na kihoni cha kufaa behewa moja. Philémon alikuwa ndani, na juu ya magoti yake lilikuwa gunia moja la mahindi, maana dada wa Mira alikuwa bado anakaa karibu na reli. Philémon hakulipenda lile gunia. Lilimbana mkono wa kupigia.

Tangu siku ile Mama Sylvie alitwanga kila jioni, hata siku zisizo na sombe, na Mira alisubiri kando ya reli na toroli yake. Hawakusemeshana.

Habari zikamfikia Amédée. Akaja, Biblia kwapani, akasimama penye ua.

"Mama Sylvie, hii wimbo iko na mwenyewe."

"Minajua. Ngoja kidogo."

Akamaliza mstari, akainua mchi, akanyamaza. Chuma kikaanza kutetema chini ya majani.

"Mwenyewe njo ule," akasema, akimwonyesha kwa kidevu Philémon dirishani mwa behewa.

Amédée akavua kofia. Aliwahi kuimba chini ya mkono ule akiwa mtoto, na sasa kidole chake kilihesabu chenyewe juu ya Biblia. Akamsaidia Mira kupokea gunia, akajipangusa shati, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo ruhusa haijafika.

Kwa jirani redio ilikuwa inapiga wimbo uleule, na ngoma zake na makofi yake, na mtangazaji anamshukuru Shekina Kalombo kwa ndoto yake. Mama Sylvie akafungua kinywa amwite Philémon asikie. Lakini Philémon alikuwa ameshaweka kidole mdomoni, anamtazama kwa ukali, kwa sababu kimya kilikuwa hakijaisha. Behewa likapita. Mama Sylvie akashusha mchi na kuingia kwenye mstari unaofuata, sauti ikiwa chini kidogo, kama kawaida yake.