Kibali cha Vunjajungu

Mwishoni mwa Shaabani, mwaka 1955, Saudah alikuwa akikwangua gogo la kukatia nyama katika bucha yake sokoni Bwera, Maate alipofika kutoka Mahango na kifurushi cha jani la mgomba.

"Mama, ulisema nikuje leo juu ya vunjajungu," alisema. "Nimeileta. Niliitafuta siku tatu."

Saudah alikuwa amemwalika kula. Kwake, vunjajungu ni karamu ya kuukaribisha mfungo, na pilau ilikuwa tayari jikoni. Maate, mkulima Mkristo wa milimani, alilijua neno hilo kwa maana ya mdudu tu, akaona mwenye bucha yenye nzi ana haki ya kumtaka. Ndani ya jani alikuwamo vunjajungu jike, kijani, tumbo nene. Saudah alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampandisha kwenye boriti ya ndoano, wakaenda kula pilau.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mdudu yule alijua kazi. Alikunja mikono kifuani kama aombaye dua, akayumba kidogo, kushoto na kulia, hata nzi wakamdhania jani lililoguswa na upepo. Kichwa peke yake ndicho kilichogeuka kuwafuata. Nzi akisogea, mikono ilikwenda na kurudi kabla Saudah hajapepesa jicho, na nzi alikuwa keshabanwa kati ya miiba, analiwa kuanzia shingoni huku akipiga mabawa. Baada ya hapo alisafisha mikono na uso, kiungo kwa kiungo. Saudah alisema hajamwona mtu wa Bwera anayetawadha vizuri hivyo. Wasemao mvumilivu hula mbivu hawajamwona vunjajungu. Yeye hula mbichi.

Alikula, akakua. Kumi la pili la Ramadhani alikamata mijusi. Idi ilimkuta ana kimo cha mbuzi, anakamata kunguru walioiba vipande. Wateja walimpisha, wakanunua ratili zao, wakaenda.

Ijumaa iliyofuata alikuja Nuwa, askari wa gombolola, yaani ofisi ya serikali ya tarafa, kama alivyokuja kila Ijumaa.

"Kibali iko wapi?"

"Iko ukutani, afande."

"Hii iko ya bwana yako. Marehemu haiuzi nyama."

Ilikuwa kweli. Mumewe, Magidu, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na ofisi haikumwandikia mwanamke kibali cha bucha. Kila Ijumaa Nuwa alichukua ini zima ili asifunge mlango. Siku ile alisema ini halitoshi tena. Jumatatu ingekuja kufuli. Saudah aliogopa sana. Hakuwa na shamba wala kaka, na bucha ile ndiyo iliyokuwa maisha yake yote. Nuwa akainama kuchagua ini. Vunjajungu akaanza kuyumba.

Alimwanza shingoni. Ilikuwa kazi safi, bila kelele wala pupa, na Saudah alifurahi kuitazama wala hakuona haya. Vilibaki vifungo vya shaba, mkanda na kofia. Alivifunga kwenye karatasi, akavipeleka ofisini, kwa kuwa vilikuwa mali ya serikali.

Jumatatu alikuja karani mwenyewe, Musinguzi, na kufuli mfukoni. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, akamtazama vunjajungu akila kunguru hadi mwisho, kwa heshima ya mtu anayeijua kazi nzuri akiiona.

"Huyu ndiyo alifanya ile kazi ya Ijumaa?"

"Ndiyo, bwana karani."

"Iko mwanaume?"

Maate, aliyekuwa ameleta kuni, alifungua kinywa. Mahango nzima inajua kwamba mwenye tumbo lile ni jike, na kwamba huyo jike humla hata mumewe. Saudah alimkanyaga mguu.

"Iko mwanaume," alisema.

Karani alipumua. Basi hapakuwa na tatizo, sheria ilikuwa wazi. Aliketi juu ya debe, akaandika kwa mwandiko mzuri: mwenye bucha, Bwana Vunjajungu, msaidizi wake, Saudah. Akampa hongera vunjajungu akiwa palepale kwenye hatua kumi, kisha akamsogezea Saudah kidau cha wino ili abandike kidole gumba. Saudah alijua kusoma na kuandika. Alibandika kidole.