Onyo la Arobaini na Moja

Programu ya kupima kina cha mto Bečva na kupiga king'ora mto ukifurika aliiandika Vlasta Hrubešová kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, baada ya mafuriko yaliyoharibu mtaa wao. Kwa miaka ishirini na mbili haikumwangusha. Basi Ctirad, mwenzetu mpya kutoka Ostrava, alipoipitisha kwenye kikaguzi, programu inayotafuta makosa ndani ya programu nyingine, kikatoa maonyo sitini na matatu, Vlasta alitua kikombe chake kwa kishindo.

"Kikaguzi chako kina homa!"

"Huenda, Bi Vlasta. Ila onyo ni lilelile kila mara. Kipande cha programu umekiandika kipokee kituo cha kupimia, kisha unakiita kana kwamba kinapokea kitu chochote."

"Na kinafanya kazi!"

"Kwenye mashine za zamani."

Mashine mpya zilikuwa zifungwe mtoni wiki iliyofuata. Mimi nikapendekeza tuyanyamazishe tu hayo maonyo. Vlasta akanigeukia.

"Unyamazishe kitu hujakisoma? Hebu niache."

Akaanza kusoma, moja baada ya jingine. Kila kipande alikiandika upya kipokee anwani tupu, yaani mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu ya mashine bila kusema ni kitu gani, kama sehemu inayokiita ilivyotarajia, na mstari wa kwanza ndani ukasema anwani hiyo ni ya nini. Kazi ya kuchosha, lakini onyo lilitoweka kila mara.

Kwenye la arobaini na moja akaacha kuandika. Kipande cha kupiga king'ora kilihitaji vitu viwili: kituo na kina cha hatari. Programu ilikuwa ikikipa kituo peke yake. Kina kilichukuliwa kutoka kwenye mabaki ya hesabu iliyotangulia, na kwenye mashine za zamani mabaki hayo yalitokea kuwa sahihi.

"Ctirad, njoo uone aibu yangu."

Akainama akatazama. "Si aibu. Ni bahati ya miaka ishirini na mbili."

"Bahati haina dhamana, bwana."

Tulijaribu toleo la zamani kwenye mashine mpya, tukaidanganya kwamba mto umefurika. King'ora hakikulia. Vlasta alikuwa amepauka. Akarekebisha, akajaribu tena, king'ora kikalia hadi jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa ufagio. Vlasta akacheka machozi yakamtoka.

Mwezi Mei mto ulipanda kweli. King'ora kililia mapema, na watu wa barabara ya chini wakawahi kupandisha mazulia na wazee wao ghorofani. Asubuhi Vlasta alimletea Ctirad sahani ya maandazi ya jibini.

"Kula," alisema, "halafu unionyeshe kikaguzi chako kinajua nini kingine."