Unga wa Njano Dirishani

Hilda alirudi likizo kwa bibi yake Mjimwema, Songea, kutoka chuoni Dar es Salaam, akamimina maji aliyoyatia rangi ya buluu katika bilauri mbili na kuziweka mezani karibu na dirisha. Katika moja alitia unga wa njano aliouchoma mwenyewe maabarani: kabla ya moto ulikuwa unga mweupe kama ule wa rangi za ukuta, aliouchanganya na yurea, mbolea hii hii ya mahindi iliyojaa madukani siku hizi.

"Unga huu unakula rangi, bibi," alisema.

Alieleza mengi. Bibi Kunegunda akashika mawili: zisimwagike, na mtu asinywe.

Jumamosi Mwalimu Otto, msimamizi wa Hilda, angepita Songea akielekea Mbinga. Asipokuta maji yametakata, Hilda angeacha mradi wa mwaka mzima na kuanza mwingine.

Kila asubuhi Hilda alikwenda Matogoro kumsaidia mama yake kuvuna mahindi. Jioni alirudi, akainama mezani, akakuta bilauri zote buluu. Bibi aliona anavyofinyanga tonge bila kulitia kinywani.

"Kula, mjukuu wangu. Labda huo unga wenyewe umeshiba."

Hilda akacheka kidogo, akala ili kumridhisha. Bibi aliliona hilo pia.

Ijumaa Hilda alirudi mchana. Aliposikia hodi, Bibi alitoka jikoni mbio, akakiondoa kitambaa kizito juu ya bilauri, kama mtu anayemfunulia mgeni chakula.

"Shikamoo bibi. Na hicho kitambaa?"

"Marahaba. Ukitoka nafunika, ukirudi nafunua. Tangu niolewe, maji hayajakaa wazi katika nyumba hii."

Hilda akajikalisha mkekani.

"Bibi, unga huu nguvu yake ni mwanga. Ule mweupe hutaka jua lenyewe. Huu nimeutengeneza uridhike na mwanga wa dirishani, hata siku ya ukungu kama leo."

"Kumbe nimeufungia gizani, halafu nangoja ulime."

Hilda alicheka mpaka akafuta machozi. Hakumlaumu. Alikoroga maji, akakunja kitambaa, akampa.

"Sasa nilindie."

Kesho yake Bibi aliketi kando ya meza. Halima, jirani aliyetoka Tunduru, akaleta korosho. Alipoona bilauri, akanyoosha ncha ya khanga yake azifunike.

"Maji wazi hivi, bibi, na nzi je?"

"Nzi aogelee. Wewe usizibe mwanga."

Halima akavuta kigoda upande wa pili. "Haya, tulinde wote."

Mwalimu Otto alifika alasiri. Bilauri moja ilikuwa bado buluu. Katika nyingine maji yalikuwa yametakata, unga umetua chini. Aliitazama, akalitazama dirisha.

"Linaelekea kusini?"

"Ndiyo, mwalimu. Miezi hii jua haligusi hapa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akitabasamu. "Basi mradi ni huu huu. Endelea nao. Na hawa kina mama?"

"Wasaidizi wangu," Hilda alisema. "Zamu ya mchana."

Halima akamsogezea mwalimu bakuli la korosho.