Chupa ya Tangi la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu, mpimaji wa bohari ya mafuta alihesabu chupa za sampuli kabatini. Utaratibu wa maabara ni kwamba kila shehena inayotoka huacha chupa moja kwa miezi mitatu. Petroli hukaa rafu ya juu, mafuta ya taa rafu ya kati, dizeli ya chini. Kaboni zilizo ndani ya mafuta hayo zimejipanga vivyo hivyo: minyororo mifupi ya petroli hupuruka ukilegeza tu kizibo, ya dizeli ni mirefu na mizito, na mafuta ya taa yako katikati, hayana papara na moto. Ndiyo maana watu huyapikia.

Jumatatu, chupa ya mafuta ya taa ya tangi la tatu ilikutwa rafu ya juu. Mpimaji akaishusha. Jumanne ilikuwa imepanda tena.

"Nani anachezea kabati langu?" aliuliza.

Meneja alimtazama kwa jicho la pembeni. "Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Basi umejijibu."

Tangu hapo hakuna aliyemwamini mwenzake. Mpimaji alimshuku fundi wa pampu, fundi akamshuku msafishaji, msafishaji akaitia ndoo yake kufuli. Mafuta yenyewe hakuna aliyeyashuku. Mlinzi akawekewa kiti mbele ya kabati, na Alhamisi akaandika daftarini: "Saa nne na robo. Chupa imepanda yenyewe. Kizibo kimefungwa." Kisha akaomba ruhusa akanywe chai.

Mpimaji akamimina sampuli ile kikombeni na kuisogezea moto. Ilidaka moto hata kabla hajaipasha. Tangi la tatu lilikuwa la petroli mwezi uliopita, na mafuta ya taa yalikuwa yametiwa juu ya mabaki. Hofu ikamshika, maana mama yake alipikia mafuta ya bohari hiyo.

"Hamkuliosha," alimwambia meneja.

"Kuliosha ni siku mbili malori yasimame."

"Basi shehena ya leo mimi siiwekei sahihi."

"Hakuna anayekulazimisha, dada yangu," meneja alisema kwa upole uliomtia shaka zaidi, akaweka yake. Kisha akamwita seremala. Seremala akauliza chupa inapenda kukaa wapi, akapima, akaitengenezea kirafu chake huko juu. Malori yakatoka.

Mpimaji alikwenda nyumbani mbiombio. Dumu la mafuta lilikuwa juu ya kabati la vyombo.

"Mama, nani kaliweka huko?"

"Limepanda lenyewe. Toka juzi linapanda. Nikilitaka nachukua kigoda."

"Usiyawashe. Yana petroli."

"Najua, mwanangu. Jirani yamemuunguza nyusi."

"Si ununue duka jingine?"

"Nimepita yote matatu. Madumu yao yamegota darini."

Mama akamwambia asimame mlangoni. Akageuza uso pembeni, akanyoosha mkono mpaka mwisho kuelekea utambi wa jiko, akawasha kiberiti.