Jina la Nanyama Kwenye Karatasi ya Njugu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Aprili 1987, saa mbili asubuhi. Siku hiyo Nasambu, karani wa kompyuta pale kiwandani, alitolewa ofisini askari wamemshika mkono kama mwizi wa kuku. Orodha ya wafanyakazi watakaofutwa ilikuwa imevuja, na meneja, Bwana Johnstone, akasema Nasambu peke yake ndiye aliyejua neno la siri.

Kompyuta ilifunga orodha kwa ufunguo wake wa ndani kabla ya kuituma Nairobi, na ufunguo wenyewe haukukubali bila neno hilo. Kila asubuhi Nasambu aliliingiza kwa mkono wake mwenyewe. Hata mumewe, Jeconia, hakuambiwa. Liliwekwa tu ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya meneja, asije akaugua kazi ikalala.

Lakini wakubwa hawakutaka kumngojea mtu. Walitaka mashine ijiendeshe.

"Nimewakatalia," Nasambu alimwambia Jeconia wakila ugali. "Neno likiingia kwenye maagizo ya mashine, kila mwenye kuona maagizo ameshafungua."

Alipokamatwa aliitaja bahasha. Nani amsikilize karani mbele ya meneja? Kazi ikaenda, presha ikampanda, Agosti akazikwa. Wakubwa hawakuleta hata ua moja.

Desemba, Jeconia alinunua njugu kwa Mama Seline, aliyezifungia kwa makaratasi ya kompyuta yaliyotupwa na kiwanda. Shule aliachia darasa la tatu, lakini jina lile angelisoma amefumba macho. Juu, tarehe 13 Aprili. Katikati ya maagizo ya mashine: PASSWORD NANYAMA. Mtoto wao, aliyeishi siku nne tu. Kumbe ndilo lilikuwa neno la siri.

Njugu zikamwagika.

"Mzee, unamwaga chakula!"

"Kuku wako watashukuru, Mama."

Akaenda na karatasi moja kwa moja mpaka geti la kiwanda, watu wakitoka kazini. Bwana Johnstone akaiona, akanyoosha mkono.

"Hiyo ni mali ya kampuni. Lete."

"Kwa njugu ilikuwa takataka, kwangu imekuwa mali?"

Wafanyakazi wakacheka. Meneja akavimba.

"Utalala ndani, mzee!"

"Nilale. Kitanda changu ni kitupu hata hivyo."

Jeconia akaikunjua karatasi, akaiinua juu kila mtu aione.

"Mke wangu alikataa kuandika neno hapa. Na limeandikwa. Sasa niambie, Bwana Johnstone, mbele ya hawa wote: nani alifungua ile bahasha?"